Kiwanda Kilichojengwa kwa Hofu ya Moto

Mjini Shrewsbury, magharibi mwa Uingereza, lipo jengo la matofali lenye sakafu tano ambalo mpita njia angelidhania ghala tu. Ni kiwanda cha kusokota nyuzi za kitani kilichokamilika mwaka 1797, na ndilo jengo la kwanza duniani ambalo nguzo na boriti zake zote za ndani ni za chuma.

Moto ndio uliolazimisha hayo. Viwanda vya zama zile vilikuwa na sakafu za mbao zilizolowa mafuta ya mashine, vumbi la nyuzi limetanda hewani, na giza likiingia watu wanafanya kazi kwa mishumaa. Cheche moja ilitosha. John Marshall, tajiri wa kitani wa Leeds, aliunguliwa na kiwanda mwaka 1796. Yeye na wabia wake wakamkabidhi Charles Bage ujenzi wa Shrewsbury.

Bage alikuwa mfanyabiashara wa mvinyo na mpimaji, lakini alikaa chini akakokotoa nguvu za chuma kabla ya kujenga, jambo ambalo mafundi wengi wa wakati wake hawakulifanya. Hesabu zake zinaonekana hadi leo. Nguzo zimenenepa katikati kuliko kwenye ncha, kwa sababu nguzo nyembamba ikielemewa huanza kupinda pale katikati. Juu ya nguzo zimelala boriti, na kati ya boriti na boriti yamejengwa matao mafupi ya matofali yanayobeba sakafu. Chuma alichotumia, chuma cha kusubu, huvumilia sana kugandamizwa, ila kikivutwa huweza kukatika ghafla bila kuonya. Ndiyo maana boriti, ambazo huvutwa upande wa chini zikibeba mzigo, zilimtaka uangalifu zaidi.

Kuta za nje bado zilibeba mzigo. Hata hivyo, wazo la kiunzi cha chuma ndani ya jengo lilikuwa limezaliwa, karibu miaka 90 kabla ya maghorofa ya Chicago yenye kiunzi cha chuma.

Usokotaji ulikoma mwaka 1886. Jengo likageuzwa la kuoteshea shayiri ya kimea, na madirisha mengi yakazibwa kwa matofali, maana kazi hiyo hutaka giza. Lilifungwa mwaka 1987, likachakaa kwa miaka mingi, kisha likakarabatiwa na kufunguliwa tena 2022. Ukijaliwa kufika, ingia sakafu ya chini, inua macho, uyatazame yale matao.