Warefu kwa Warefu, Wafupi kwa Wafupi

Wanandoa warefu kuliko wote walioingizwa kwenye rekodi za Guinness katika zama zetu ni Wachina, Sun Mingming na Xu Yan, waliooana Beijing Agosti 2013. Mume ana sentimita 236.17, mke 187.3. Sun alicheza kikapu, Xu mpira wa mikono. Hapo siri yote imeshatoka: michezo hiyo huwakusanya warefu kwanza, mapenzi yanafuata baadaye.

Katika historia, taji ni la Anna Swan wa Kanada na Martin Bates wa Kentucky, waliofunga ndoa London tarehe 17 Juni 1871. Wote walikuwa watu wa maonyesho, na wenye maonyesho hawakuona haya kuongeza inchi, kwa hiyo vimo vyao hutajwa tofauti tofauti. Kila mmoja alizidi mita 2.1. Mtoto wao wa Januari 1879, huko Ohio, alizaliwa na kilo 9.98 na urefu wa sentimita 71. Hakuna mtoto mzito kuliko huyo katika rekodi za uzazi. Aliishi saa 11 tu.

Upande wa pili, wa wafupi, wako Wabrazili Paulo da Silva Barros na Katyucia Hoshino, waliooana 2016. Ukiwajumlisha wote wawili unapata sentimita 181.41, yaani hawamfikii Xu Yan peke yake. Ufupi wao, hata hivyo, haukutoka chungu kimoja. Wa Katyucia ni akondroplasia, ambayo nakala moja ya jeni yenye hitilafu inatosha kuileta. Wa Paulo unahitaji nakala mbili. Wakioana wawili wenye akondroplasia, kila mimba ina nafasi nusu ya mtoto mfupi kama wao, robo ya mtoto wa kimo cha kawaida, na robo ya mtoto mwenye nakala mbili, ambaye kwa kawaida hufa akiwa mchanga.

Sisi wengine tunafanana na wenzi wetu kwa kiasi. Mwaka 1903 wanatakwimu Karl Pearson na Alice Lee walilinganisha vimo vya wanandoa wapatao 1,000 wa Uingereza, wakapata uwiano wa 0.28, ambapo 1 ni kufanana kabisa. Kwa wanyama wa spishi 254, utafiti wa 2013 wa sifa mbalimbali ulipata wastani huohuo, 0.28! Na mume karibu daima huzidi kimo: kati ya wanandoa 720 wa Marekani waliochunguzwa mwaka 1980, mke aliyempita mumewe alikuwa mmoja tu.

Kufanana huku hakuongezi jeni mpya. Kunazikusanya zilizopo, ndiyo maana warefu sana na wafupi sana huongezeka. Mfano mzito zaidi ni wa viziwi wa Marekani, ambao shule na lugha ya alama ziliwakutanisha. Mwaka 1883 Alexander Graham Bell alionya kwamba wakiendelea kuoana itazuka jamii nzima ya viziwi. Edward Fay akakusanya habari za ndoa 4,471, akachapisha 1898: watoto walio wengi walisikia. Uziwi una vyanzo vingi, na wazazi wenye jeni tofauti kwa kawaida huzaa wanaosikia. Wakikutana wawili ambao uziwi wao umetoka kwenye jeni ya GJB2, watoto wote huwa viziwi. Mtaalamu wa jeni Walter Nance alikadiria kwamba uziwi wa aina hiyo moja umeongezeka takriban maradufu Marekani ndani ya miaka 200.