Fahamu: Kwa nini kichwa huuma baada ya ganzi ya mgongo
Mama aliyejifungua kwa upasuaji akiketi kunyonyesha, kichwa kinamgonga; akilala chali, kinatulia. Hiyo ndiyo dalili kuu. Sindano ya ganzi hutoboa utando wa uti wa mgongo, maji yanayozunguka ubongo yakavuja na shinikizo likashuka. August Bier, daktari Mjerumani aliyeasisi ganzi hiyo mwaka 1898, maumivu hayo yalimpata mwenyewe alipokubali kudungwa. Siku hizi sindano nyembamba yenye ncha kama ya penseli imepunguza sana tatizo. Wengi hupona kwa dawa za maumivu. Yakizidi, takriban mililita 20 za damu ya mgonjwa mwenyewe hudungwa mgongoni kuziba uvujaji. Ukiona homa, shingo kukakamaa, degedege au macho kuona ukungu, usingoje: rudi hospitali.