Dawa ya Kipandauso Haiazimwi



Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Mtume (S.A.W.) alifanyiwa hijama kichwani, naye yumo katika ihramu, kwa sababu ya maumivu ya shakika. Shakika ndiyo hii tuiitayo kipandauso: kichwa hupwita, aghalabu upande mmoja, moyo ukachafuka, mwanga na sauti vikawa adha, na shambulio huweza kudumu saa 4 hadi 72. Wanawake hupatwa nayo zaidi kuliko wanaume, na wengi huwajia karibu na siku za hedhi.

Kujitibu, basi, ni katika Sunna. Lakini iko ada mitaani mwetu ambayo yafaa tuiache. Mama akishikwa na kichwa, jirani humkimbilia na kidonge alichoandikiwa yeye na daktari wake. Nia ni njema, tendo ni la hatari. Katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, tumefundishwa kwamba ajitiaye utabibu ilhali hajulikani kwa utabibu, hubeba dhamana ya madhara yatokeayo.

Tutazame dawa zenyewe. Sumatriptani hubana mishipa ya damu. Kwa aliyeandikiwa ni faraja. Kwa mwenye maradhi ya moyo, aliyewahi kupatwa na kiharusi, au mwenye presha isiyodhibitiwa, yaweza kuwa msiba. Ergotamini hubana mishipa na hukaza tumbo la uzazi pia, kwa hiyo haifai kabisa kwa mja mzito wala anyonyeshaye. Mara ngapi mwanamke hukaa wiki kadhaa na mimba asijijue? Ikiwa mwenyewe hajui, jirani atajuaje? Tena, aliyemeza ergotamini asimeze sumatriptani mpaka zipite saa 24.

Naye aliyeandikiwa ana adabu zake. Ameze mapema, maumivu yanapoanza. Kidonge cha kwanza cha sumatriptani kisipofaa kitu, asiongeze kingine kwa shambulio lilo hilo. Maumivu yakipoa kisha yakarudi, aweza kumeza cha pili baada ya saa 2 au zaidi, bila kuvuka kiasi alichoandikiwa. Na aandike kila siku aliyotumia dawa. Mwenye kumeza sumatriptani au ergotamini siku 10 au zaidi kwa mwezi, au panadoli siku 15 au zaidi, kwa zaidi ya miezi 3, dawa yenyewe huweza kumzalishia maumivu mapya. Huyo arudi kwa daktari, asiongeze vidonge.

Dada aonaye vimulimuli au mistari ya mwanga kabla ya kichwa kuanza, amweleze daktari hayo kabla ya kutumia vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni, kwani vyaweza kumzidishia hatari ya kiharusi.

Katika Ramadhani, wapo wanaovumilia mchana kutwa, kisha magharibi wakameza vidonge maradufu kufidia. Hilo si sawa. Mgonjwa ameruhusiwa na Mola wake kufungua na kulipa siku nyingine, kama ilivyo katika Suratul Baqara, aya ya 184. Ruhusa ya Mwenyezi Mungu haionewi haya.

Na kichwa kikimshika mtu ghafla kwa ukali asioujua, au kikaja na homa na shingo kukakamaa, ulimi mzito, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, huyo apelekwe hospitali papo hapo. Vivyo hivyo mja mzito mwenye kichwa kikali na macho kufifia.

Ujirani mwema una njia nyingi. Mzimie taa mgonjwa, mchukulie watoto, mpikie, msindikize zahanati. Sadaka hiyo haina madhara. Kidonge chako kibakie chako.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Amin.