Akiba ya Mbegu na Vyombo Vyake: Maneno kwa Wakulima wa Tabora

Ndugu mkulima, mtu aliyepungukiwa na chakula mwezi wa Januari aweza kukopa debe la mahindi kwa jirani. Lakini mtu aliyepoteza mbegu wakati mvua imekwisha kunyesha huenda akapoteza mavuno ya mwaka mzima. Basi waraka huu wasema juu ya jambo moja tu: jinsi ya kutunza mbegu tangu mavuno mpaka siku ya kupanda.

Wazee waliijua kazi ya akiba. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Unyanyembe, palipo na mji wa Tabora leo. Mpagazi wa Kinyamwezi alichukua mzigo wa kiasi cha frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na juu ya mzigo huo vitu vyake mwenyewe, kama mkeka wa kulalia na kibuyu cha maji. Kati ya Ugogo na Unyanyembe ilikuwako nyika iitwayo Mgunda Mkali, ambayo maji yake yalikuwa haba. Humo kibuyu kilichopasuka kilikuwa hatari kubwa kuliko mzigo mzito.

Mbegu nazo zina safari yao. Huvunwa kiangazi, nazo hapana budi zifike salama mpaka mvua za Novemba. Chombo chake kikiwa kibovu, hazifiki.

Zamani watu wengi waliweka nafaka katika lindo, yaani chombo cha gome la mti. Lindo ni chombo chema, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 alitambuliwa hapa mkoani Tabora adui mgeni, aliyetoka Amerika. Mdudu huyo ni dumuzi, na wengine humwita skania. Hutoboa mahindi na mihogo mikavu mpaka vikawa unga, na hata mbao huzitoboa. Basi gome la lindo si ukuta wa kumzuia.

Lakini dumuzi na fukusi hutaka hewa. Wakifungiwa katika chombo kisichopitisha hewa, huimaliza ile iliyomo, kisha hufa. Fanya hivi:

1. Chagua magunzi mazuri yasiyo na ugonjwa wala matundu, uyapukuchue mapema. Mahindi ya chotara usiyaweke kuwa mbegu, kwa kuwa mazao yake ya mwaka wa pili hupungua.

2. Anika mbegu juu ya mkeka au turubai, si juu ya ardhi tupu wala juu ya bati lenye moto.

3. Zijaribu kwa chumvi. Twaa chupa ya kioo iliyo kavu, tia mbegu kidogo pamoja na chumvi kavu, uitikise vizuri, kisha uiache robo saa. Chumvi ikigandamana na kioo, mbegu zingali na maji, zirudishe juani. Isipogandamana, zianike siku moja zaidi, kwa kuwa mbegu za kufungiwa zataka ukavu mwingi. Mbegu mbichi zikifungiwa huoza.

4. Ziache zipoe kivulini kabla ya kuzifunga.

5. Zijaze mpaka mdomoni katika debe, chupa, au dumu lenye kifuniko imara, lililo safi na kavu. Pasiwe na nafasi tupu, kwa maana nafasi ni hewa. Chombo kilichowahi kutiwa dawa au mafuta ya taa kisitumike.

6. Ziba ukingo wa kifuniko kwa nta iliyoyeyushwa. Watu wa Tabora ni warina asali, na nta haiko mbali nao.

7. Weka chombo mahali penye kivuli, mbali na jiko, wala usikifungue mpaka wakati wa kupanda. Kila ukifungua, wadudu hupata pumzi mpya.

Eka moja yataka kilo 8 hadi 10 za mbegu za mahindi. Weka zaidi kidogo, kwa ajili ya kupanda mara ya pili mvua ikikatika. Tena ni afadhali vyombo vidogo viwili kuliko kimoja kikubwa, ili kimoja kikiharibika kingine kibaki.

Wiki mbili kabla ya kupanda, toa mbegu 100, uzifunge katika kitambaa chenye unyevu kwa siku saba. Zikiota 85 au zaidi, ni njema. Zikipungua, ongeza mbegu katika kila shimo. Zikiota chini ya nusu, tafuta nyingine mapema, wakati jirani angali nazo.

Mwisho, mbegu zilizotiwa dawa zisiliwe kamwe, hata njaa iwe kali, wala wasipewe kuku. Andika alama juu ya chombo chake, na kila mtu wa nyumbani aambiwe.