Wayahudi na Dini Yao (3): Madhabahu Ilipohamia Mezani

Katika makala iliyotangulia tulieleza jinsi Hekalu la Yerusalemu lilivyokuwa kitovu cha dini ya Kiyahudi. Makuhani walitoa dhabihu humo asubuhi na jioni, na mahujaji walikwea mjini mara tatu kwa mwaka: Pasaka, Sikukuu ya Majuma na Sikukuu ya Vibanda. Mwaka 70, majeshi ya Roma chini ya Titus yaliuteka mji na kulichoma Hekalu. Mpaka leo, kwenye Tao la Titus mjini Roma, zinaonekana sanamu za kuchongwa za watu wakibeba kinara cha matawi saba kilichotekwa humo.

Dhabihu zikakoma. Je, dini iliyotegemea madhabahu iliwezaje kudumu karibu miaka elfu mbili bila madhabahu? Kwa maoni yangu ilidumu kwa sababu walimu wake waliihamishia nyumbani, mikononi mwa kila familia.

Mapokeo ya marabi yanasimulia kwamba Yohanan ben Zakkai alitoroshwa Yerusalemu, mji ukiwa umezingirwa, akiwa amelazwa ndani ya jeneza kama maiti. Alipofikishwa mbele ya jemadari Vespasian, aliomba apewe mji mdogo wa Yavneh na wanazuoni wake. Huko ndiko elimu ya Torati ilikopata makao mapya. Masinagogi yalikuwapo hata kabla Hekalu halijaanguka, lakini sasa sala za asubuhi, alasiri na jioni zilishika nafasi ya dhabihu. Kwenye mwaka 200 hivi, Rabi Yehuda ha-Nasi alikusanya mafundisho yaliyokuwa yakipokezanwa kwa mdomo katika Mishna, ambayo ndiyo msingi wa Talmudi.

Matunda ya kazi hiyo yanaonekana Ijumaa katika nyumba ya Myahudi mshika dini. Anayekanda unga mwingi wa mkate wa Sabato humega kipande kidogo cha donge na kukichoma, kukumbuka fungu ambalo zamani lilikuwa haki ya kuhani. Kabla jua halijatua, mama huwasha mishumaa, hufunika macho kwa viganja na kuomba baraka. Kikombe cha divai hubarikiwa. Kisha watu hunawa kwa kumiminiwa maji, desturi inayofuata usafi wa makuhani, nao hukaa kimya mpaka mkate uliwe. Mezani huwa na mikate miwili iliyofunikwa kitambaa, kwa kuwa jangwani Waisraeli waliokota mana maradufu siku ya Ijumaa. Baba huukata mkate na kuuchovya katika chumvi, maana Walawi 2:13 inaagiza kwamba kila sadaka itiwe chumvi. Kwa hiyo meza imekuwa madhabahu, na wanaoizunguka wanafanya yale yaliyokuwa ya makuhani peke yao.

Hata mapumziko ya Sabato yana asili hiyo. Mishna inaorodhesha kazi 39 zilizokatazwa, na marabi wanazihusisha na kazi za kuijenga Hema ya Kukutania: kushona, kuandika, kuwasha moto na nyinginezo. Ndiyo maana chakula cha Jumamosi mchana hupikwa Ijumaa na kuachwa kwenye moto mdogo usiku kucha.

Nguvu ya mpango huu imeonekana hata kwa jirani zetu. Mwaka 1919, karibu na Mbale nchini Uganda, jemadari Semei Kakungulu alitahiriwa pamoja na wanawe, akaanzisha jumuiya ya Abayudaya. Idi Amin alipoipiga marufuku dini hiyo katika miaka ya 1970, masinagogi yao yalifungwa na wengi waliiacha. Wachache waliendelea kusali kwa siri, na kwao jumuiya ikafufuka. Imani iliyokwisha kuzoea kukaa nyumbani haikufa kwa kufungiwa mlango wa sinagogi.

Hapa pana funzo kwetu sote, Wakristo na Waislamu. Tunachangia kwa moyo ujenzi wa makanisa na misikiti, na ni jambo jema. Lakini tusiwaachie mapadri, wachungaji na masheikh kazi yote ya kuwalea watoto wetu katika imani. Mzazi, anza leo, mezani pako.