Picha ya CT yaonyesha mishipa ya moyo ilivyo

MISHIPA inayopeleka damu kwenye moyo haizibi kwa siku moja. Mafuta hujikusanya ndani ya kuta zake kwa miaka mingi, na mara nyingi mwenyewe hasikii lolote hadi siku anapobanwa na kifua. Je, waweza kujua mapema?

Njia moja ni kupigwa picha kwa mashine ya CT. Mafuta hayo yakikaa sana hushika madini ya kalisiamu, yale yale yanayoimarisha mifupa, na katika picha huonekana meupe kama mfupa. Unalala chali, unazuia pumzi kwa sekunde chache, na kazi imekwisha. Hudungwi sindano.

Kisha kompyuta hukadiria kiasi cha kalisiamu na kutoa alama, kwa utaratibu ulioelezwa mwaka 1990 na Dkt Arthur Agatston na wenzake wa Marekani. Sifuri ni kwamba hakuna kalisiamu iliyoonekana. Alama 1 hadi 99 ni kidogo, 100 hadi 399 ni ya wastani, na 400 au zaidi ni nyingi. Hapo hatari ya mshtuko wa moyo ni kubwa.

Hata hivyo, sifuri isikudanganye. Mafuta ambayo bado ni laini hayana kalisiamu, hivyo picha hii haiyaoni. Nayo yaweza kupasua ukuta wa mshipa, damu ikaganda hapo na kuziba njia ghafla. Mvutaji sigara au mgonjwa wa kisukari asijione salama kwa sababu ya sifuri.

Kipimo hiki humfaa hasa mtu wa miaka 40 hadi 75 asiye na dalili, ambaye yeye na daktari wake hawajaamua iwapo aanze dawa za kupunguza kolesteroli. Alama ikifika 100, kwa kawaida daktari hushauri dawa.

Lakini ukisikia maumivu ya kifua yanayoenea mkononi au kwenye taya, pamoja na jasho jingi au kukosa pumzi, usingoje picha hii. Kimbia hospitali.

Na kabla ya kuilipia, pima kwanza shinikizo la damu, sukari na kolesteroli. Picha huonyesha tu. Kinachoulinda moyo ni kuacha sigara, kufanya mazoezi, kula vyema na kumeza dawa ulizoandikiwa.