Kuusaka Wepesi Uliopotea: Diski, Kiini na Mbinu ya Kugawa Nusu

Chukua mfano wa karani katika wadi ya Wabera, mjini Isiolo, ambaye tarakilishi yake inatumia Linux. Mfumo umesasishwa jioni. Asubuhi kuhifadhi faili kunachukua dakika tatu, ilhali jana zilitosha sekunde chache. Aghalabu lawama huiangukia diski, na karani akashauriwa anunue nyingine. Yamkini diski haina kosa. Huenda kosa limo katika kiini (wengine husema kerneli), yaani sehemu ya mfumo endeshi inayosimamia mawasiliano baina ya programu na vifaa.

Kiini cha Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka wa 1991, hupokea maelfu ya mabadiliko kati ya toleo moja na linalofuata. Kuyachunguza moja moja ni muhali. Tangu mwaka wa 2005 mabadiliko hayo huhifadhiwa kwa programu ya Git, ambayo ina mbinu ya kugawa nusu. Mtafiti huteua toleo lililokuwa jepesi na lile zito, kisha hujaribu la katikati. Likiwa jepesi, kosa limo katika nusu ya pili. Likiwa zito, limo katika ya kwanza. Nusu hiyo nayo hugawanywa vivyo hivyo. Mabadiliko 10,000 huhitaji majaribio yapatayo 14 tu.

Hesabu ni rahisi. Ugumu umo katika kupima. Faili ikishasomwa hubaki katika kumbukumbu ya tarakilishi, hivyo kipimo cha pili huenda kisiiguse diski kabisa, na toleo zito likaonekana jepesi. Jibu moja la uongo huupeleka msako mzima kwenye nusu isiyo na kosa, nayo Git itayataja mabadiliko yasiyo na hatia kwa uthabiti ule ule. Ndiyo maana kumbukumbu hiyo husafishwa kabla ya kila kipimo, na kipimo hurudiwa mara kadhaa.

Hata mhusika akipatikana, hukumu isiharakishwe. Katika toleo la 3.1 la mwaka wa 2011, mfumo wa faili wa ext3 ulianza, bila kusubiri agizo la mtumiaji, kuilazimisha diski iandike rekodi muhimu kwa mpangilio maalumu. Baadhi ya kazi zikawa nzito. Hata hivyo, kabla ya hapo, stima ikipotea katikati ya uandishi, rekodi za faili zingeweza kuvurugika. Mrithi wake, ext4, ana kinga iyo hiyo. Karani anaweza kuizima na kurejeshewa wepesi wake, mradi awe tayari kuhatarisha faili zake siku stima itakapokatika.